Laana na Lawama

Laana na lawama ni maneno mawili yakaayo jirani katika vinywa vya watu, walakini asili zake si moja. Laana humfikia mtu kutoka nje. Hutamkwa na mzazi aliyevunjiwa heshima, au na mnyonge aliyedhulumiwa, na pengine huyo aliyelaaniwa hakuulizwa wala hakusikilizwa. Lawama hutoka katika tendo la mtu mwenyewe. Aliyelaaniwa huhurumiwa, mwenye lawama huhukumiwa. Shida huzuka pale mambo mawili haya yanapokutana katika mtu mmoja. Je, laana ikimshukia mtu, na mtu huyo akatenda maovu kwa sababu yake, lawama yamwondokea? Au laana ni jambo moja na lawama ni jambo jingine, hata kama zimo katika mwili mmoja?

Swali hili si la wanazuoni peke yao. Limo pia ndani ya hadithi ambazo wanazuoni wengi hawazisomi: hadithi za mapenzi zilizochanganywa na wafu wafufukao, wachawi na mizuka, ambazo mahali pake huwa ni mji mdogo ulioshikwa na laana ya zamani. Hadithi hizi hutolewa kwa mfululizo, kitabu baada ya kitabu, au sehemu baada ya sehemu, na wapenzi wake ni wengi mno. Husemwa kuwa ni chakula cha watu wasiopenda kufikiri. Kauli hiyo ina haraka. Mtu huweza kuingia katika hadithi akitafuta hofu na mahaba, akatoka amebeba swali ambalo hakulitafuta.

Mfano mkubwa wa hadithi za namna hii ni mchezo wa televisheni wa Marekani ulioitwa Dark Shadows, yaani Vivuli vya Giza. Ulianza kuonyeshwa na shirika la ABC tarehe 27 Juni 1966, ukakoma tarehe 2 Aprili 1971, baada ya sehemu 1,225. Mwanzilishi wake alikuwa Dan Curtis. Ulionyeshwa mchana, siku za kazi, kwa muda wa nusu saa, katika saa zilizozoewa kuwa za akina mama wa nyumbani. Lakini haukupita muda mrefu vijana wakawa wanakimbia kutoka shuleni ili wasikose sehemu ya siku hiyo. Katika majuma yake ya kwanza ulikuwa mchezo wa siri za jamaa tu. Mizuka iliingia baadaye, na mwezi wa Aprili 1967 akaingia Barnabas Collins, mfu anyonyaye damu ya walio hai, aliyechezwa na Jonathan Frid, mzaliwa wa Canada. Barnabas alikusudiwa akae kwa muda mfupi kisha aondolewe. Watazamaji wakampenda, barua zikamiminika, na yule aliyeletwa awe adui akawa nguzo ya hadithi nzima. Watu walimwona muuaji, wakamwonea huruma. Je, huruma yao ilikuwa sahihi? Na kama ilikuwa sahihi, ilitosha?

Mji wa hadithi ni Collinsport, bandari ndogo ya kubuniwa katika pwani ya jimbo la Maine. Juu ya kilima kitazamacho bahari imesimama nyumba kubwa ya Collinwood, makao ya ukoo wa Collins. Ukoo huo una mashua za uvuvi na kiwanda cha samaki wa makopo; kwa hiyo riziki ya mji imo mikononi mwake. Jambo hili halifai kupuuzwa. Katika mji mkubwa, msiba wa nyumba moja huweza kubaki ndani ya nyumba hiyo. Katika mji mdogo, ambamo bwana wa nyumba kubwa ndiye bwana wa kazi na wa heshima, laana ya nyumba ni laana ya wote. Mwenye mali akipatwa na homa, maskini ndiye atetemekaye.

Mwezi wa Novemba 1967 hadithi ilirudi nyuma mpaka mwaka 1795, ili watazamaji waone laana ilivyoanza. Barnabas alikuwa kijana wa ukoo tajiri aliyekwenda Martinique, kisiwa cha mashamba ya miwa katika bahari ya Karibi. Huko alikuwa na mapenzi na Angelique, mtumishi wa jamaa ya du Prés. Au, kwa maneno yaliyo karibu zaidi na kweli, alijistarehesha naye. Kisha akamchumbia Josette du Prés, binti wa mwenye shamba. Angelique alipofika Collinwood pamoja na mabibi zake alimkumbusha Barnabas mambo yaliyokuwa baina yao, naye akamjibu kuwa yaliyopita yamepita. Kwa Barnabas lile lilikuwa jambo dogo la ujana. Kwa Angelique lilikuwa ndiyo ahadi ya maisha yake.

Angelique alikuwa mchawi. Alimroga Josette na Jeremiah, ami yake Barnabas, wakaoana kwa siri. Na Barnabas akamwua ami yake katika pambano la bastola. Alimtia ugonjwa Sarah, dada mdogo wa Barnabas, kisha akaahidi kumponya iwapo Barnabas atamwoa. Ndoa ikafungwa. Barnabas alipogundua kuwa mkewe ndiye aliyeyatenda haya yote, alimpiga risasi. Angelique, akidhani kuwa anakufa, akatamka apizo: Barnabas hatapumzika kamwe, na kila atakayempenda atakufa. Popo akamvamia Barnabas, akafa, akafufuka na kiu ya damu.

Hapa pana mizani ya kwanza. Angelique alidhulumiwa. Alitumiwa na kijana wa kitajiri, kisha akaambiwa arudi katika kazi yake ya kukunja nguo za mwanamke mwingine. Mtu mwenye haki atalikiri hilo. Lakini Josette hakumkosea neno, wala Jeremiah, wala mtoto Sarah. Msomaji asemaye kuwa Angelique hana udhuru, kwa sababu kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kuwadhulumu wengine, amesema kweli. Basi na aishike kweli hiyo kwa mikono miwili, maana akiisha kuitia katika mizani upande wa mtumishi, itambidi aitie vile vile upande wa bwana.

Tena wako watu ambao hadithi yenyewe yawapita kimya. Mali ya du Prés ilitoka katika mashamba, na mashamba ya Martinique yalilimwa na watumwa. Ufaransa ilitangaza kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1794. Lakini mwaka ule ule Waingereza walikiteka kisiwa hicho, na tangazo lile halikutekelezwa huko. Watumwa wa Martinique hawakupata uhuru wao mpaka mwaka 1848. Apizo la Angelique lilisikika kwa sababu alikuwamo chumbani. Wale waliokuwa shambani hawakupewa nafasi hata ya kulaani.

Baada ya apizo misiba ikafuatana. Barnabas alimwua Angelique kwa mikono yake. Wanawake maskini wa bandarini wakawa chakula chake, wala hakuna aliyeyaandika majina yao katika kitabu cha ukoo. Alitaka kumfanya Josette awe kama yeye, wakae pamoja milele; mzuka wa Angelique ukamwonyesha Josette sura atakayokuwa nayo, naye akajitupa kutoka ukingo wa jabali la Widows' Hill. Sarah alimwona kaka yake katika hali yake mpya, akakimbia usiku katika baridi, akaugua, akafa. Naomi, mama yao, alipoijua kweli alikunywa sumu. Ikabaki zamu ya baba, Joshua Collins. Barnabas alitaka baba yake amwue, lakini mkono wa mzazi ulishindwa. Joshua akaamuru jeneza la mwanawe lifungwe kwa minyororo, akawaambia watu kuwa Barnabas amehamia Uingereza.

Tendo la Joshua lilikuwa na pande mbili. Kumfunga mwanawe kulikuwa ni rehema iliyochanganyika na udhaifu, na ni mzazi gani atakayemcheka? Lakini kusema uongo juu yake kulikuwa ni kuiweka heshima ya nyumba mbele ya haki ya mji. Jamaa za waliouawa hawakuambiwa nani aliyewaua. Na katika siku hizo hizo msichana mgeni asiye na jamaa, Victoria Winters, alishtakiwa kwa uchawi ambao Angelique ndiye aliyeutenda, akahukumiwa kunyongwa. Nyumba kubwa ilipata maziko ya siri. Mnyonge alipata kitanzi cha hadharani.

Minyororo ile ilikatwa mwaka 1967 na Willie Loomis, mzururaji aliyeingia makaburini akitafuta vito vya thamani. Barnabas alipobisha hodi Collinwood alijitambulisha kuwa ni jamaa kutoka Uingereza, mzao wa yule Barnabas wa kale ambaye picha yake imetundikwa ukutani. Hakuna aliyemshuku, kwa maana habari za ukoo zasema kuwa Barnabas wa kwanza alihamia huko. Uongo alioutunga baba ili kuifunika aibu ukawa ndio ufunguo wa mlango kwa mwanawe. Kosa lililozikwa bila kutajwa haliozi ardhini; hukaa likingoja.

Katika mji alikuwako Maggie Evans, mtumishi wa mgahawa wa hoteli, binti wa mchoraji maskini aliyezoea ulevi. Barnabas aliona ndani yake sura ya Josette. Na kweli mchezaji mmoja, Kathryn Leigh Scott, ndiye aliyewacheza wote wawili. Akamteka, akamvisha nguo za Josette, akamsikilizisha sanduku la muziki la Josette, akamtaka ajiite Josette. Alipokataa alifungiwa chini ya nyumba. Haya yakiitwa mapenzi, neno mapenzi limevuliwa nguo. Ampendaye mtu huipenda nafsi ya mtu huyo, na jina lake, na mapenzi yake na machukio yake. Barnabas alitaka nafsi ya Maggie iondoke, ili ibaki nafasi ya mwingine aliyekufa.

Maggie alitoroka kwa msaada wa mzuka wa Sarah. Akili zilikuwa zimemruka, akapelekwa katika hospitali ya wenye wazimu chini ya daktari mwanamke, Julia Hoffman. Julia aliitambua siri ya Barnabas. Alitaka kumponya kwa elimu yake, kisha akampenda. Maggie alipokaribia kumtaja aliyemteka, Julia alimlaza kwa nguvu za maono, akazifuta kumbukumbu zake. Daktari mwingine, Dave Woodard, mtu mwema aliyeuguza wagonjwa wa mji, alipoigundua kweli aliuawa. Julia aliitayarisha sindano, mkono ukamtetemeka, Barnabas akaichoma. Mji ukaambiwa kuwa ni moyo uliosimama. Kabla ya hapo ilitakiwa apatikane mtu wa kubeba lawama ya kutekwa kwa Maggie. Barnabas aliitia pete ya Maggie katika chumba cha Willie Loomis. Willie, aliyekuwa amekwenda kumwonya Maggie, alipigwa risasi na polisi. Alipopona majeraha, akili hazikuwamo, akafungiwa hospitali ile ile.

Watetezi wa Barnabas wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Husema kuwa kiu haikuwa hiari yake. Hakuomba kufufuka, wala hakuichagua damu kuwa chakula. Mtu aliyefungwa mikono na miguu akitupwa majini, hakuna amlaumuye kwa kuzama. Hoja hii ina nguvu nje ya hadithi pia, kwa kuwa wako watu wengi wazaliwao katika shimo ambalo hawakulichimba: katika umaskini, katika ulevi wa wazazi wao, katika chuki za zamani baina ya nyumba na nyumba. Hakimu asiyeuliza mtu ametoka wapi ni hakimu wa nusu.

Walakini katika mwenendo wa Barnabas yako mambo matatu, na hoja hiyo huyafunga yote katika kamba moja. La kwanza ni kiu. La pili ni tendo. La tatu ni maficho. Kiu ilikuwa ya laana, na juu ya kiu hakuna lawama. Tendo lilikuwa na mchanganyiko: lilikuwako lile lililosukumwa na kiu, na lilikuwako lile lililosukumwa na tamaa ya moyo. Kumteka Maggie hakukutoka katika kiu. Apizo la Angelique lilimpa Barnabas njaa na upweke. Halikumwambia achukue binti wa watu amnyang'anye jina lake. Na maficho hayakuwa na mchanganyiko wowote. Pete haikuingia chumbani mwa Willie kwa kusukumwa na uchawi. Sindano ya Woodard haikuchomwa kwa sababu ya njaa. Ilichomwa kwa sababu Woodard alikuwa na kweli kinywani. Hapo Barnabas hakuwa mfu mwenye laana. Alikuwa bwana wa nyumba kubwa akilinda jina lake, kama baba yake alivyolilinda.

Basi laana huweza kueleza maovu ya mtu mpaka mahali fulani, kisha hukoma. Mahali inapokoma hapaonekani kwa urahisi, na mwenye laana mwenyewe huwa na faida ya kutopaona. Kila mara Barnabas alipoulizwa na dhamiri yake alijibu kwa kumtaja Angelique. Jibu hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilikuwa hatari. Uongo mtupu huchoka upesi. Kweli iliyotumiwa vibaya humtumikia mtu maisha yake yote.

Hadithi yenyewe, bila kutangaza, imeweka karibu na Barnabas mtu wa kumlinganisha naye. Elizabeth Collins Stoddard, bibi wa Collinwood, aliyechezwa na Joan Bennett, hakuwa ametoka katika uwanja wa nyumba yake kwa miaka kumi na minane. Watu wa mji walidhani kuwa amelogwa au ana wazimu. Kweli ni kwamba aliamini amemwua mumewe, na kwamba maiti imefukiwa chini ya nyumba. Mtu aliyeijua siri hiyo, Jason McGuire, alimtisha kwayo, akamnyang'anya fedha, hata akamlazimisha akubali kuolewa naye. Katika sehemu za mwaka 1967, mbele ya watu waliokuja kushuhudia ndoa, Elizabeth alipotakiwa aitikie kiapo alikiri kuwa ameua. Chini ya nyumba palifukuliwa. Sanduku likakutwa tupu. Mume hakuwa amekufa. Miaka kumi na minane ya kifungo ilijengwa juu ya kaburi lisilo na mtu.

Elizabeth hakulaaniwa na mchawi yeyote, lakini aliishi kama aliyelaaniwa. Barnabas alilaaniwa kweli, lakini aliishi kama asiye na lawama. Yule aliyekuwa tayari kuibeba lawama aligundua kuwa mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyohofu, na aliutua siku aliyoutaja. Yule aliyeikataa aliuongeza wake kila siku, na kila siku alitafuta bega la mwingine la kuuwekea. Tofauti baina yao haikuwa ukubwa wa makosa. Ilikuwa ni kutaja na kutotaja.

Yawezekana kuulizwa: Laana ikiondolewa, lawama haitaondoka nayo? Hadithi yalijibu hilo pia. Karibu na mwisho wa mfululizo Barnabas alipelekwa katika mwaka 1840, na huko akakutana tena na Angelique. Huyo aliyemlaani ndiye aliyeiondoa laana, kwa sababu ya mapenzi, naye Barnabas akaweza kusimama katika nuru ya jua kama watu wengine. Hatimaye akatambua kuwa ampendaye ni Angelique, yule aliyemfanya kuwa si kitu. Lakini alikuwa amechelewa. Angelique alipigwa risasi na Lamar Trask, akafa. Watazamaji walilia, na machozi yao hayakuwa ya bure, kwa maana hapo jambo la kwanza la hadithi lilirudi mahali pake: mtumishi aliyekataliwa alitambuliwa kuwa ni mtu.

Lakini itazamwe vema ni deni lipi lililolipwa. Lililolipwa ni lile la Barnabas na Angelique, na hilo nalo kwa sehemu tu. Kumbukumbu alizonyang'anywa Maggie hazikuwa mali ya Angelique, hata aweze kuzisamehe. Uhai wa Woodard haukuwa wake. Miezi ya Willie katika hospitali ya wenye wazimu haikuwa yake. Kama lawama ingalikuwa ni tawi la laana, lingalianguka siku ulipokatwa mti. Halikuanguka. Mtu amesimama juani, afya yake imerudi, na walio nyuma yake wangali wanangoja. Hapo ndipo huonekana wazi kuwa vitu hivi ni viwili, na kwamba aliyeondolewa laana hajaondolewa lawama; amepewa nafasi ya kuibeba kwa miguu yake mwenyewe.

Katika Kiswahili dawa ya laana huitwa radhi, na radhi huombwa. Yaweza kutolewa bila kuombwa, kama Angelique alivyoitoa, lakini hiyo ni fadhila ya mtoaji. Haimfanyi mpokeaji kuwa mwema. Na hakuna awezaye kuomba radhi bila ya kutaja alichokitenda. Asemaye nisamehe bila kusema kwa lipi amebisha mlango akakimbia.

Haifai kudhaniwa kuwa haya ni mambo ya televisheni tu. Mchungaji Trask, aliyemshtaki Victoria Winters katika hadithi, aliletwa kutoka Salem. Na Salem ni mji wa kweli katika jimbo la Massachusetts, ambalo Maine ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1820. Mwaka 1692 watu kumi na tisa walinyongwa katika mashtaka ya uchawi ya Salem, na mzee mmoja, Giles Corey, aliuawa kwa kugandamizwa na mawe. Mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mwaka 1697 mbele ya waumini wenzake wakati maungamo yake yaliposomwa, akaikubali lawama. Mwaka 1711 serikali ya jimbo iliwarudishia heshima wengi wa waliohukumiwa, ikatoa fedha kwa jamaa zao. Lakini si wote. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kufa akaponea chupuchupu, alisahauliwa. Jina lake lilisafishwa mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule moja pamoja na mwalimu wao kulishughulikia jambo hilo. Miaka mia tatu na thelathini ilipita.

Hakimu mwingine wa Salem, John Hathorne, alikuwa babu wa kale wa mwandishi Nathaniel Hawthorne. Mwaka 1851 Hawthorne alitoa riwaya iitwayo The House of the Seven Gables, inayosimulia nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha mtu aliyenyongwa kwa uchawi kwa jitihada za tajiri aliyekitamani kiwanja hicho. Aliyenyongwa aliacha laana, na laana ikazikalia nyuma za vizazi, mpaka mjukuu wa upande mmoja alipompenda mjukuu wa upande wa pili. Riwaya hiyo ni mmoja wa wazee wa hadithi zote za miji iliyolaaniwa, na mapenzi yake ni ponyo. Ni ponyo zuri. Lakini halikuwa ponyo alilolitumia Sewall, wala wanafunzi wale. Wao hawakuoana na mtu. Walitaja majina.

Sasa yabaki huruma ya watazamaji. Wengine watasema kuwa kumhurumia Barnabas kulikuwa ni udhaifu, na kwamba hadithi imfanyayo muuaji kuwa mpenzi huharibu mioyo ya vijana. Hukumu hiyo ni kali kuliko haki. Moyo uwezao kumwonea huruma mtu mbaya ni moyo mwema, na anayeona binadamu ndani ya mnyonya damu hatashindwa kumwona ndani ya mfungwa. Kosa halikuwa katika kuhurumia. Lilikuwa katika kuigawa huruma vibaya. Barnabas alipewa sehemu mia na mia za kueleza huzuni yake, uso wake ukiwa karibu na macho ya watu. Woodard alipewa jeneza, na mchezo ukaendelea kesho yake. Mwenye kusimuliwa zaidi huhurumiwa zaidi, na mwenye nyumba kubwa daima husimuliwa zaidi.

Hilo ndilo la kujifunza katika hadithi za namna hii, na hazitoweki. Dark Shadows ilifanywa upya katika televisheni mwaka 1991, ikafanywa filamu ya Tim Burton mwaka 2012, na miji midogo mingi iliyolaaniwa imebuniwa baada ya Collinsport. Kijana asomaye habari za mpenzi mwenye laana asikatazwe kumpenda. Afundishwe kuuliza maswali mawili machache. Laana ya mtu huyu yakoma wapi, na hiari yake yaanzia wapi? Na katika mji huu, nani analipa?

Maana laana ya kweli ya Collinsport haikuanza na maneno ya Angelique. Ilianza pale mtu alipoambiwa kuwa yaliyompata si neno. Ikaendelea pale jamaa za wanawake wa bandarini walipoachwa bila jibu, na Victoria alipohukumiwa, na Maggie aliposahaulishwa, na Willie alipobebeshwa. Kila mara ilikuwa tendo moja lile lile, la kumwambia mnyonge kuwa alichokiona hakukiona. Tendo hilo halihitaji uchawi, na kwa hiyo uchawi hauwezi kulitangua. Hutanguliwa na mtu aliye hai, akisimama mbele ya wenzake, akasema alilotenda na aliyemtendea, kwa jina.